Vitenzi vya Kiingereza vyenye Vijineno: Asili Yake na Taabu ya Wajifunzao

Samuel Johnson alipotoa kamusi yake kubwa ya Kiingereza mjini London mwaka 1755, alitaja katika dibaji jambo moja ambalo, kwa maoni yake, liliwapa wageni taabu kupita mengine yote katika lugha hiyo. Jambo lenyewe ni desturi ya Waingereza ya kutwaa kitenzi kifupi cha kila siku, kama vile 'come', 'fall', 'give', 'set' au 'take', na kukifuatishia kijineno kama 'off', 'in', 'out' au 'over', hata maana ya kitenzi ikageuka, pengine kidogo, pengine kabisa. Johnson alivikusanya vitenzi hivyo kwa uangalifu mwingi, akatumaini kwamba baada ya kazi yake taabu ya wageni haitakuwa tena isiyoshindika. Walakini alikiri kwamba baadhi yake vimekwenda mbali mno na maana ya maneno yaliyoviunda, hata hakuna akili, iwe kali namna gani, iwezayo kuzifuata hatua vilizopitia.

Katika mawili hayo, la taabu na la hatua zisizofuatika, Johnson alisema kweli katika la kwanza na akakosea katika la pili. Kosa hilo halikuwa dogo. Kwa muda wa miaka karibu mia mbili waalimu wengi wa Kiingereza walilichukua kuwa ni kanuni: kwamba vitenzi vya namna hii havina sababu, na kwa hiyo havifundishwi ila kwa kukaririwa, kimoja kimoja, kama mtoto akaririvyo majina ya miji asiyoijua. Historia ya vitenzi hivyo yaonyesha vingine, na yaonyesha pia kwamba msemaji wa Kiswahili hayuko mbali navyo kama alivyozoea kuambiwa.

Ukubwa wa jambo huonekana mara mtu anapoanza kutafuta maneno sawasawa katika lugha mbili hizi. Kitenzi 'look' chaweza kufasiriwa tazama au angalia. Lakini 'look for' ni tafuta, 'look after' ni tunza, 'look into' ni chunguza, 'look down on' ni dharau, na 'look out!' ni onyo la kumwambia mtu ajihadhari. Katika Kiswahili pana hapo vitenzi visivyo na udugu wowote. Katika Kiingereza pana kitenzi kimoja na vijineno vyake. Tena kijineno kimoja na kitenzi kimoja huweza kubeba maana nyingi. 'Take off' ni kuvua kofia, ni kupaa kwa ndege, ni kupunguza kitu katika bei, ni kumwiga mtu kwa mzaha. Mwanafunzi aliyefahamu 'take' na akafahamu 'off' hana hakika kwamba amefahamu 'take off'.

Pamoja na maana kuna mpango wa maneno. 'Turn off the light' na 'turn the light off' yote ni sahihi. Lakini jina la taa likiondolewa na mahali pake pakawekwa kiwakilishi, hapana budi kiwakilishi kitangulie kijineno, 'turn it off', wala hakuna Mwingereza asemaye 'turn off it'. Kinyume chake, 'look after the child' haikubali kukatwa katikati: ni 'look after him' siku zote. Waandishi wa sarufi hupenda kuionyesha tofauti hiyo kwa sentensi mbili zinazofanana sura kama pacha, moja ya mtu aliyepanda kilima mbio, 'he ran up a hill', na nyingine ya mtu aliyelimbikiza deni, 'he ran up a bill'. Katika ya kwanza 'up' ni ya kilima. Katika ya pili ni ya kitenzi, na yaweza kusogezwa nyuma ya jina. Mkazo wa sauti nao hushuhudia: katika 'turn it off' huangukia kijineno, na katika 'look after him' huangukia kitenzi. Mambo haya mtoto wa Kiingereza huyajua kabla hajajua kusoma, na mgeni aliyehitimu chuo kikuu huweza kuyakosea hata uzeeni.

Asili yake ni ya zamani sana. Katika Kiingereza cha kale, yaani kile kilichosemwa tangu karne ya 5 hata karne ya 11, vijineno vingi vilitangulia kitenzi, na baadhi viliambatana nacho kabisa, vikawa viambishi vya mwanzo. 'Utgan' ilikuwa kutoka nje, 'ofercuman' kushinda, 'forgiefan' kusamehe. Kijerumani, ambacho ni ndugu wa Kiingereza, kimeuhifadhi mpango wa namna hiyo mpaka leo: kitenzi 'aufstehen', yaani kuinuka au kuamka, kina kijineno mwanzoni kinapotajwa peke yake, lakini mtu akisema kwamba anaamka, kijineno huachana na kitenzi na kwenda kusimama mwisho, 'ich stehe auf'. Kiingereza cha kale nacho kilikuwa na mchanganyiko wa namna yake: kijineno kile kile kiliweza kuonekana mbele ya kitenzi katika sentensi hii na nyuma yake katika sentensi ile.

Mabadiliko mawili ndiyo yaliyoupindua mpango huo. La kwanza ni kuchakaa kwa viambishi. Viambishi visivyotiwa mkazo, kama 'ge-' na 'a-', vilipoteza nguvu na maana, vingine vikatoweka kabisa. 'A-' iliyomo katika 'arise' na 'awake' ni mabaki ambayo Waingereza wenyewe hawayasikii tena kuwa ni kitu. Lugha iliyopoteza njia moja ya kuonyesha upande na ukamilifu wa tendo ilihitaji nyingine, na vijineno vyenye sauti kamili, 'up', 'out', 'off', vilikuwapo tayari kuishika kazi. La pili ni kusogea kwa kitenzi. Zamani kitenzi cha Kiingereza kiliweza kukaa mwisho wa sentensi, hasa katika sentensi tegemezi. Baadaye kikazoea kukaa mbele ya jina la kitu kinachotendwa. Kitenzi kikahama, kijineno kikabaki nyuma. Kijineno kilichokuwa kikitangulia kikawa sasa ni kifuasi.

Hapo pana habari ya wageni. Tangu karne ya 9 Waviking waliotoka Denmaki na Norwe walikaa katika sehemu za kaskazini na mashariki ya Uingereza, wakalima, wakaoa, na lugha yao ikachanganyika na ya wenyeji. Katika lugha hiyo viambishi visivyo na mkazo vilikuwa vimekwisha kupotea mapema zaidi, na kijineno kilikuwa kikifuata kitenzi. Wataalamu hawakubaliani juu ya kadiri ya deni la Kiingereza kwa jambo hili, maana kugeuka kwake kungeweza kutokea hata bila ya mgeni. Lakini ushahidi mmoja ni mgumu kuupuuza: 'take' na 'get', vitenzi viwili vinavyopenda vijineno kuliko karibu vyote, ni maneno ya Waviking, na 'give' nayo imepata sauti yake ya leo kutoka kwao.

Mfano wa mapema unaostahili kutazamwa kwa makini umo katika Tarehe ya Peterborough, ambayo watawa wa mji huo waliiendeleza kwa Kiingereza hata mwaka 1154, wakati ambapo sehemu nyingine za nchi zilikwisha kuacha kuandika historia kwa lugha hiyo. Chini ya mwaka 1137 mwandishi aeleza jinsi mfalme Stephen alivyowatia kifungoni maaskofu wawili na jamaa yao mmoja mpaka walipomsalimishia ngome zao. Neno alilotumia kwa kusalimisha ni 'iafen up', ambalo ndilo 'gave up' la leo, likiwa bado na sauti ya kale ya Kiingereza mwanzoni. Hapo 'up' haionyeshi kwamba ngome ilipandishwa juu. Tayari, katika maandishi ya karne ya 12, maana ilikuwa imetoka katika mwendo wa mwili ikaingia katika mambo ya madaraka. Kutoka kusalimisha ngome hata kusalimisha madai, kutoka madai hata tumaini, na kutoka tumaini hata tabia kama ya kuvuta tumbaku, hatua ni fupi na zote ziko wazi. Mwanafunzi aambiwaye kwamba 'give up' ni kukata tamaa, na kwamba ni pia kuacha jambo, na kwamba ni pia kujisalimisha kwa polisi, hujifunza vitu vitatu. Yule aelezwaye habari ya ngome hujifunza kimoja.

Baada ya Wanormandi kuishinda nchi mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya watawala, na pamoja na Kilatini cha kanisa na cha sheria kilimwaga katika Kiingereza vitenzi vya neno moja ambavyo navyo vilibeba upande wa mwendo ndani yake: 'enter', 'descend', 'return', 'surrender'. Kwa hiyo Mwingereza akawa na njia mbili za kusema jambo lile lile. Aliweza kusema 'go in' au 'enter', 'go down' au 'descend', 'come back' au 'return', 'give up' au 'surrender'. Njia hizo hazikupewa heshima sawa. Ile ya Kifaransa na Kilatini ilikaa mahakamani, mimbarini na katika vitabu. Ile ya vijineno ilikaa jikoni, sokoni, melini na shambani. Haikufa kwa kudharauliwa. Yaonekana iliongezeka, na michezo ya kuigiza ya mwisho wa karne ya 16 imejaa vitenzi vya aina hii, kwa sababu michezo hufuata usemi wa watu.

Mgawanyo huo wa heshima ndio chanzo cha tatizo ambalo shule za Afrika Mashariki zimelirithi bila kulijua. Mwanafunzi aliyejifunza Kiingereza kwa vitabu hujua 'tolerate' kabla ya 'put up with', 'postpone' kabla ya 'put off', 'extinguish' kabla ya 'put out', 'investigate' kabla ya 'look into'. Huandika barua nzuri ya kuomba kazi. Halafu husimama mbele ya Mwingereza azungumzaye kwa kawaida, akasikia maneno mafupi ambayo moja moja ayajua tangu darasa la chini, asiweze kuyaunganisha. Na yeye mwenyewe akisema, husikika kama mtu asomaye hati. Hii si dalili ya ujinga wake. Ni alama ya mlango alioingilia katika lugha.

Mpango wa kale haukupotea wote. Mabaki yake yamesimama kando ya mpango mpya, na mara nyingine maneno yale yale mawili hufanya vitenzi viwili kwa kupishana tu nafasi. 'Overtake' ni kumpita aliye mbele, lakini 'take over' ni kushika madaraka au kazi ya mwingine. 'Overlook' ni kukosa kuona au kusamehe kwa makusudi, lakini 'look over' ni kupitia kwa macho, karibu kinyume chake. 'Upset' ni kupindua au kumhuzunisha mtu, na 'set up' ni kusimamisha. Katika majina mpango wa zamani umedumu zaidi: pato ni 'income', si jina la 'come in' lililogeuzwa, tokeo ni 'outcome', mlipuko wa maradhi ni 'outbreak', ilhali kutoroka kwa wafungwa ni 'breakout'. Kwa mtu asiyejua historia, jozi hizi ni fujo. Kwa aijuaye, ni tabaka mbili za ardhi zinazoonekana mahali pamoja, ya chini ikiwa ndiyo ya kale.

Wanasarufi wa karne ya 18 na ya 19, waliopima Kiingereza kwa kipimo cha Kilatini, hawakujua pa kuviweka vitenzi hivi. Kilatini hakina kitu kama hicho. Chenyewe huambatisha kijineno mwanzoni mwa kitenzi. Kwa hiyo waliviacha kwa waandishi wa kamusi, au walivitaja kwa kuvionea haya. Johnson mwenyewe, ingawa alivikusanya, alipenda katika maandishi yake maneno marefu ya asili ya Kilatini. Kamusi kubwa ya Oxford, iliyokamilika mwaka 1928, ndiyo iliyoonyesha kwa mara ya kwanza wingi wake kwa tarehe na ushahidi: katika chapa hiyo neno refu kuliko yote ni 'set', na sehemu kubwa ya urefu huo ni kazi ya vijineno. Mmoja wa wahariri wake, Henry Bradley, ndiye aliyempendekezea Logan Pearsall Smith jina la 'phrasal verb', ambalo Smith alilieneza kwa kitabu chake juu ya maneno na misemo cha mwaka 1925. Miaka mitano kabla ya hapo Arthur G. Kennedy, katika Chuo Kikuu cha Stanford, alikuwa ametoa uchunguzi wa kwanza wa urefu wa kitabu juu ya vitenzi hivi. Yaani vitu ambavyo Waingereza walikuwa wakivisema kwa miaka mia nane vilipata jina la kitaaluma katika zama za redio.

Waliohimiza uchunguzi baada ya hapo hawakuwa waalimu wa Uingereza. Walikuwa waalimu waliofundisha Kiingereza mbali, kwa watu ambao Kiingereza si chao, na ambao maswali yao hayakuweza kujibiwa kwa kusema kwamba ndivyo isemwavyo. Michael West alifundisha Bengali, Harold Palmer aliongoza taasisi ya uchunguzi wa ufundishaji wa Kiingereza iliyoanzishwa Tokyo mwaka 1923, A. S. Hornby alifika Japani mwaka 1924 na baadaye akashirikiana naye. Kamusi ya Hornby na wenzake ilitoka Tokyo mwaka 1942, katikati ya vita, ikachapwa upya na Oxford mwaka 1948. Ilikuwa kamusi iliyotungwa kwa ajili ya mgeni anayetaka kusema na kuandika, si kusoma tu. Ilimwonyesha kila kitenzi chakubali mpango gani wa maneno, na kwa hiyo ilimwambia kama kijineno chaweza kuachana na kitenzi au la. Hilo Johnson hakulifanya.

Wakati huo huo C. K. Ogden alijaribu njia nyingine, na kisa chake chastahili kukaliwa kidogo. Mwaka 1930 alitangaza Kiingereza chake cha msingi, chenye maneno 850 tu, ili kiwe lugha rahisi ya mataifa yote. Vitenzi alivyoviruhusu vilikuwa 18: 'be', 'come', 'do', 'get', 'give', 'go', 'have', 'keep', 'let', 'make', 'put', 'say', 'see', 'seem', 'send' na 'take', pamoja na visaidizi viwili, 'may' na 'will'. Mengine yote yalipasa kusemwa kwa kuviunganisha vitenzi hivyo na vijineno na majina. Kuingia kukawa 'go in', kuahirisha 'put off', kuvumilia 'put up with'. Kwa karatasi hesabu ni nzuri ajabu, na watu wakubwa waliivutiwa. Winston Churchill aliisifu hadharani katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1943. Lakini West na wenzake walikuwa wamekwisha kuikosoa katika kitabu cha mwaka 1934. Idadi ya maneno, walisema, si idadi ya mambo ya kujifunza. Aliyejifunza 'put', 'up' na 'with' kama maneno matatu hajapata bado kuvumilia. Amebakiwa na neno la nne ambalo halikuhesabiwa. Ogden alikuwa ameuondoa mzigo katika orodha akauweka kichwani mwa mwanafunzi. Tena, bila kukusudia, alikuwa amechagua sehemu ya lugha ambayo Johnson aliiita ngumu kuliko zote kwa wageni, akaifanya kuwa mlango wao.

Katika Afrika Mashariki jambo hili lilifika kwa njia ya shule na mitihani, na mwaka 1961 likagusana na uamuzi mpana zaidi. Januari ya mwaka huo wajumbe kutoka nchi za Jumuiya ya Madola walikutana Makerere, Uganda, kuzungumza juu ya ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Robert Phillipson, akiandika mwaka 1992, aliyachambua mawazo yaliyotiliwa nguvu na mkutano huo, mojawapo likiwa kwamba Kiingereza hufundishwa vyema zaidi kwa Kiingereza chenyewe, bila ya kuitumia lugha ya mwanafunzi. Naye alilihesabu wazo hilo kuwa ni kosa. Kwa mambo mengi yaweza kubishaniwa. Kwa vitenzi vya vijineno hapana mengi ya kubishania. Mwalimu asiyeruhusiwa kutaja Kiswahili darasani hubaki na njia mbili tu: kumfasiria mwanafunzi 'put off' kwa 'postpone', yaani kumrudisha katika Kiingereza cha vitabu ambacho tayari ndicho kinachomzuia, au kumpa orodha akariri.

Iliyofungiwa nje ilikuwa ndiyo lugha yenye msaada. Waandishi wa kamusi walilijua jambo hilo zamani, kwa kuwa kazi yao iliwalazimisha kulijua. A. C. Madan, katika kamusi yake ya Kiingereza kwa Kiswahili ya mwaka 1894, na baada yake Johnson mwingine, Frederick Johnson, katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, ambaye kamusi zake zilitoka mwaka 1939, hawakuweza kuandika 'break' na mbele yake vunja, kisha wakapita. 'Break down' ya gari ni haribika, 'break out' ya vita ni zuka, 'break off' ya tawi ni kwanyuka na ya mazungumzo ni katiza. Kila mara Kiswahili kilidai kitenzi kingine, na kila mara kitenzi hicho kilionyesha waziwazi maana ambayo Kiingereza kilikuwa kimeificha katika kijineno.

Tofauti yenyewe ina mpango. Leonard Talmy, mwanaisimu wa Marekani, alieleza mwaka 1985 kwamba lugha hutofautiana katika mahali zinapoiweka njia ya mwendo: nyingine huiweka katika shina la kitenzi, nyingine nje yake. Kiswahili huiweka katika shina. Ingia, toka, panda, shuka, vuka, pita, rudi: njia imo humo, na namna ya kwenda hutajwa kando, aliingia mbio, alitoka akitambaa. Kiingereza hufanya kinyume: namna ya kwenda imo katika kitenzi, 'run', 'crawl', 'swim', na njia imo katika kijineno. Msemaji wa Kiswahili asemaye 'he entered running' hakukosea sarufi. Amesema Kiswahili kwa maneno ya Kiingereza. Akionyeshwa mara moja kwamba mzigo wa ingia upo katika 'in' na mzigo wa toka upo katika 'out', amepata ufunguo wa mamia ya vitenzi kwa somo moja.

Wala si kweli kwamba Kiswahili hakina kabisa kitu cha kufanana na vijineno. Kinacho mbali. Mtu hutupilia mbali kitu kisichofaa, mifugo hufia mbali, na mwenye hasira humwambia mwenziwe apotelee mbali. Katika misemo hiyo mbali haipimi umbali. Inalifikisha tendo mwisho wake, sawa na 'away' au 'off' ya Kiingereza, na kitenzi chenyewe huchukua kinyambuo ili kuipokea. Kadhalika kuna piga, ambayo mgeni ajifunzaye Kiswahili huiogopa kama mwenyeji wa Pwani aogopavyo 'get'. Kupiga pasi, kupiga mbizi, kupiga hodi, kupiga marufuku: ni nani amwambiaye mgeni kwamba hakuna anayepigwa? Kitenzi chepesi hubeba sauti na nyakati, na maana hubebwa na neno linalofuata. Mswahili aliyezaliwa na piga hana haja ya kufundishwa wazo hilo. Ana haja ya kuambiwa tu kwamba Waingereza nao wanalo.

Uchunguzi wa miaka ya baadaye ulilipa jambo hili uzito. Dwight Bolinger alitoa kitabu kizima juu ya vitenzi hivi mwaka 1971, na mwaka 1981 Susan Lindner, katika tasnifu yake ya California, alivifuata vijineno viwili, 'up' na 'out', akaonyesha kwamba maana zake zimefungamana kama matawi ya mti mmoja. Kitu kinachojaa hupanda mpaka ukingoni. Hapo kipo kimekamilika. Kwa hiyo 'fill up' ni kujaza hata juu, na 'drink up', ingawa kinywaji chashuka, ni kumaliza. Kitu kitokacho ndani huonekana. Kwa hiyo 'find out' ni kugundua na 'turn out' ni kudhihirika. Hizi ndizo hatua ambazo Johnson alidhani hazifuatiki.

Kuhusu wajifunzao, Dagut na Laufer walieleza mwaka 1985 kwamba wanafunzi wenye lugha ya Kiebrania, ambayo haina vitenzi vya vijineno, walivikwepa na kuchagua kitenzi cha neno moja. Mwaka 1989 Hulstijn na Marchena walikuta kwamba Waholanzi, ambao lugha yao inavyo, hawakuvikwepa kwa jumla, ila walisita mbele ya vile vyenye maana ya mafumbo. Kukwepa, basi, si uvivu. Kwatoka katika umbo la lugha ya kwanza. Na mzigo wenyewe umepimwa. Mwaka 2007 Gardner na Davies, wakihesabu katika hazina kubwa ya maandishi na usemi wa Uingereza, waliona kwamba vitenzi 100 vyachukua zaidi ya nusu ya matumizi yote ya vitenzi vya vijineno, lakini kila kimoja kina maana zaidi ya 5 kwa wastani. Garnier na Schmitt walirudi kwenye swali hilo mwaka 2015 wakachagua vitenzi 150 na maana 288 zinazotumika zaidi. Orodha ya 288 ni kitu ambacho mwalimu aweza kukimaliza katika mwaka mmoja wa shule.

Kiingereza chaendelea kuvizaa. Wafanyakazi wa kompyuta walitwaa 'log', jina la daftari la safari za meli, wakaunda 'log in' na 'log out' kwa mtu anayejiandikisha katika mashine na anayejiondoa. Wafasiri waliotia maneno hayo katika Kiswahili hawakutafuta daftari wala meli. Waliacha kitenzi, wakashika kijineno, wakaandika ingia na toka.